Habari za Pesa ya Shaba na Mizani Yake

Wasomaji wetu, neno "pesa" twalitumia kila siku, lakini ni wachache wanaojiuliza limetoka wapi. Asili yake ni Bara Hindi, ambako paisa lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba. Sarafu za namna hiyo zilifika pwani yetu pamoja na vyombo vya biashara, na jina likabaki hata baada ya sarafu zenyewe kuondoka sokoni. Huenda katika nyumba za wazee wa pwani pesa moja mbili za zamani zikaonekana hata leo, zimefungwa katika kitambaa au zimewekwa katika kikasha pamoja na vifungo. Mwenye kuigeuza pesa hiyo mkononi aweza kuona mchoro wa mizani juu yake. Leo twapenda kuwaeleza mizani hiyo ilipita njia gani hata ikafika kwetu, sarafu za namna hiyo zilipigwaje, na kwa nini maskini alikuwa na haja ya sarafu ya kweli kuliko tajiri.

Shaba mbaya na mshahara wa mtu wa kazi

Yatupasa kuanzia mbali, yaani Uingereza, karibu na mwaka 1780. Wakati ule viwanda vya nguo, vya chuma na vya vyombo vya udongo vilikuwa vikiongezeka upesi, na watu wengi walitoka mashambani kwenda kufanya kazi ya mshahara. Mshahara wao ulikuwa mdogo, hata haukuweza kulipwa kwa dhahabu, nayo sarafu ya fedha ilikuwa haba sana. Basi walilipwa kwa shaba, yaani kwa peni, na nusu-peni, na robo yake. Peni 12 zilikuwa shilingi moja, na shilingi 20 zilikuwa pauni moja. Mkate wa mtu wa kazi, na mshumaa wake, na kodi ya chumba chake, vyote vilitegemea vipande hivyo vya shaba.

Lakini Serikali ya Uingereza haikuvitunza vipande hivyo. Kiwanda cha Mfalme cha kupiga sarafu, kilichokuwa katika ngome ya Tower mjini London, kiliacha kupiga nusu-peni mwaka 1775, maana wakubwa wake waliihesabu shaba kuwa kitu duni. Palipo na pengo mwivi hupita. Waghushi wakafanya kazi yao gizani, wakapiga sarafu nyembamba, nyepesi, zenye sura isiyotambulikana vema. Mwaka 1787 kiwanda cha Mfalme kilizichungua nusu-peni zilizokuwa mikononi mwa watu, kikaona kwamba zilizofanana na sarafu halali hazikupata hata moja katika kila kumi.

Ni nani aliyepata hasara? Mwenye kiwanda kule Birmingham, Bwana Matthew Boulton, alimwandikia mkubwa mmoja wa Serikali mwaka 1789 akamweleza jambo hilo waziwazi. Alisema kwamba katika nusu-peni alizorudishiwa kwenye malango ya kulipia ushuru wa barabara, mbili katika kila tatu zilikuwa za kughushi. Tena alisema kwamba wako wenye viwanda wasio na haya, walionunua kwa waghushi shaba yenye jina la shilingi 36 kwa kutoa shilingi 20 tu, kisha wakailipa kuwa mshahara wa maskini waliowafanyia kazi. Mtu huyo akienda dukani, mwenye duka huitazama sarafu yake, huigonga juu ya meza, huikataa. Kazi ameifanya, jasho limemtoka, na alicho nacho mkononi si mali. Tajiri mwenye dhahabu hakuuona msiba huu, kwa kuwa dhahabu ilipimwa na kulindwa sana.

Sarafu za watu binafsi

Watu walipochoka kungoja, baadhi ya wenye mali walipiga sarafu zao wenyewe. Kampuni ya machimbo ya shaba ya Parys, katika kisiwa cha Anglesey nchini Wales, ilianza mwaka 1787. Upande mmoja wa peni yao palikuwa na kichwa cha mzee mwenye ndevu, amezungukwa na majani ya mti wa mwaloni. Huyo ni mfano wa makuhani wa kale wa Wales, nayo maana yake ni kwamba shaba hii yatoka katika nchi yenye asili na heshima. Upande wa pili palikuwa na herufi za Kampuni pamoja na ahadi ya kumlipa mwenye kuishika peni moja. Na ukingoni, mahali ambapo watu wengi hawapatazami, paliandikwa miji ambako ahadi hiyo ingetimizwa.

Bwana John Wilkinson, mfua chuma mkubwa, naye alipiga sarafu zake mwaka uo huo. Aliweka kichwa chake mwenyewe mahali ambapo watu walizoea kukiona kichwa cha Mfalme, na upande wa pili akachora mfanyakazi katika karakana ya chuma, akiwa mbele ya nyundo kubwa ya mtambo. Wako waliomcheka kwa majivuno yake. Lakini tukitazama vema twaona jambo jipya: mtu wa kazi na nyundo amechorwa juu ya sarafu, mahali palipozoea miungu na wafalme.

Kazi ya mtambo wa mvuke

Bwana Boulton alizaliwa Birmingham mwaka 1728, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya vifungo na mapambo ya chuma katika kiwanda cha baba yake. Mwaka 1775 alishirikiana na Bwana James Watt, yule aliyeutengeneza mtambo wa mvuke ukawa na nguvu nyingi kwa makaa machache. Mwaka 1788 alisimamisha kiwanda cha sarafu mahali paitwapo Soho, karibu na Birmingham, na nia yake ilikuwa kupiga sarafu ambayo mghushi hataweza kuiiga kwa faida.

Ili tufahamu alichobadili, tutazame kwanza kazi ya zamani. Sarafu ilipigwa kwa shinikizo lenye parafujo kubwa. Juu yake palikuwa na mkono mrefu wa chuma wenye uzito kila upande, na watu waliuvuta kwa kamba ukazunguka kwa kishindo. Mtu mmoja aliketi chini akiweka kipande cha shaba na kukiondoa kwa vidole vyake, na akikosea kidogo vidole huponda. Nguvu ya watu haiwi sawa siku zote: asubuhi hupiga kwa bidii, jioni wamechoka. Kwa hiyo sarafu moja ilitoka na sura nzuri, nyingine imefifia, na mghushi akapata pa kujificha kati yao.

Kule Soho mvuke ndio uliozungusha parafujo. Kwanza shaba iliyoyeyushwa ilipitishwa kati ya magurudumu mazito, ikawa bamba lenye unene mmoja. Kisha chuma chenye makali kilikata vipande vya mviringo, kama mwanamke akatavyo maandazi kwa kikombe. Vipande vililainishwa kwa moto, vikasafishwa, vikapelekwa penye mihuri. Mihuri ni miwili, yote ya chuma cha pua kigumu, mmoja chini na mmoja juu, na sura imechongwa ndani yake kinyume, palipo bonde pawe mlima na palipo mlima pawe bonde. Kipande cha shaba kiliwekwa ndani ya pete ya chuma, muhuri wa juu ukashuka mara moja kwa nguvu, shaba ikaenea mpaka kwenye pete na kusimama hapo. Ndiyo sababu kila sarafu ilitoka duara kamili, na upana wake ulikuwa sawa na wa mwenziwe. Mtambo wenyewe ulikiweka kipande na kukiondoa, na vidole vya mtu vikasalimika.

Twapenda wasomaji waiangalie pete hiyo kwa makini. Kwa macho ni kitu kidogo, lakini ndiyo iliyokuwa mlinzi wa maskini. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuweka peni moja juu ya nyingine, na kama moja ilizidi au ilipungua ukingoni, alijua palikuwa na hila.

Peni ya mwaka 1797

Boulton alingoja miaka kumi hivi kabla ya kupewa kazi na Serikali yake. Mwaka 1797 aliagizwa kupiga peni na peni-mbili za shaba. Alishika kanuni moja iliyo nyepesi kufahamu: shaba iwe na uzito wa haki. Peni ikawa na uzito wa wakia moja kamili, na peni-mbili wakia mbili. Peni 16 zilikuwa ratli moja. Wenye maduka wakazitumia kuwa mawe ya mizani, nayo ilikuwa ajabu kubwa, yaani fedha ya kununulia ikawa pia shahidi wa kipimo cha kitu kinachonunuliwa. Kwa kuwa zilikuwa nene na ukingo wake mpana umeinuka, watu waliziita "magurudumu ya gari". Peni zilizopigwa zilizidi 40,000,000.

Mchoraji wa mihuri alikuwa Conrad Heinrich Küchler, aliyekuja Birmingham kutoka Ujerumani mwaka 1793. Upande mmoja alichonga kichwa cha Mfalme George wa Tatu, amevikwa shada la majani kama washindi wa Roma ya kale. Upande wa pili alimweka mwanamke ameketi juu ya mwamba kati ya mawimbi. Jina lake Britannia, naye si mtu aliyeishi, bali ni mfano wa nchi. Warumi walikuwa wa kwanza kumchora, tena walimchora kama nchi iliyoshindwa nao. Waingereza walimrudisha juu ya shaba yao mwaka 1672, wakamfanya kuwa mwenye enzi. Küchler alimpa tawi la mzeituni katika mkono mmoja, ambalo ni alama ya amani, na katika mkono wa pili aliondoa mkuki wa zamani akamtia mkuki wa ncha tatu, silaha ya mungu wa bahari katika hadithi za kale. Mbali nyuma yake yaonekana merikebu. Mtu wa siku zile alisoma hivi: nchi hii yataka amani, lakini bahari ni yake. Kumbuka kwamba mwaka ule Uingereza ilikuwa katika vita na Ufaransa.

Maneno kuzunguka sarafu hayakuinuka kama kawaida, bali yalizama ndani ya ukingo mpana, hata mikono ya watu isiweze kuyafuta upesi. Na chini, kwa herufi ndogo sana, palitiwa neno SOHO. Fundi mwema haogopi kutia jina lake katika kazi yake.

Hata hivyo sarafu ile ilikuwa na kasoro. Ilikuwa nzito mno. Mtu mwenye shilingi tano za peni alibeba karibu ratli nne mfukoni. Tena haki yake yenyewe ikawa adui yake. Bei ya shaba ilipopanda kwa sababu ya vita, peni ikawa na thamani zaidi ikiyeyushwa kuliko ikitumiwa, na nyingi zikaingia katika tanuri. Mwaka 1806 Boulton alipiga peni nyepesi, 24 katika ratli moja. Hapo watu walijifunza jambo kubwa: sarafu haihitaji kuwa na thamani yote ndani ya madini yake, mradi ipigwe vizuri hata isighushiwe, na mwenye kuitoa aaminike. Boulton alifariki mwaka 1809. Mwaka uliofuata kiwanda kipya cha Mfalme mjini London kilikuwa kikipiga sarafu kwa mitambo yake.

Mizani yaja pwani

Sasa turudi kwenye pesa yetu. Kabla ya peni ya 1797, kiwanda cha Soho kilikuwa kimekwisha kufanya kazi za nchi za mbali. Mwaka 1791, na tena mwaka 1794, kilipiga pesa za shaba kwa ajili ya Kampuni ya Waingereza ya Bara Hindi, zitumike katika jimbo la Bombay. Upande mmoja palikuwa na alama ya Kampuni, mfano wa moyo uliogawanywa wenye herufi zake, alama ile ile iliyopigwa juu ya marobota ya bidhaa. Upande wa pili palikuwa na mizani, na kati ya sahani zake neno la Kiarabu "adil", maana yake mwenye haki, ambalo ni ndugu wa neno letu adili. Alama hizi zilichaguliwa kwa akili. Katika soko la Bombay walikuwapo watu wa dini nyingi na lugha nyingi, lakini hapakuwa na mmoja asiyeijua mizani.

Biashara kati ya Bombay na Unguja ni ya zamani, na mizani ilivuka bahari pamoja nayo. Sayyid Barghash bin Said alipotoa pesa zake za shaba, zilizoandikwa mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1881 hadi 1882, upande mmoja ulikuwa na jina lake kwa Kiarabu, na upande wa pili ulikuwa na mizani. Kisha mwaka 1888 Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki ikatoa pesa yake ya Mombasa, nayo pia ikawa na mizani, pamoja na jua lenye taji na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Nuru na Uhuru".

Juu ya baadhi ya pesa hizo za Mombasa pana herufi ndogo H. Herufi hii ni alama ya nyumba ya Heaton ya Birmingham. Mwaka 1850, vyombo vya kiwanda cha Soho vilipouzwa kwa mnada, ni hao akina Heaton walionunua mashinikizo yake wakaanza kupiga sarafu. Basi kazi iliyoanzishwa ili mfanyakazi wa Birmingham asidhulumiwe mshahara wake ilifika Mombasa kwa mkono wa hao hao warithi wa vyombo, na herufi H ilionekana baadaye juu ya sarafu nyingine za Afrika ya Mashariki.

Alama ni deni

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote. Alama ni rahisi kuchonga kuliko kutimiza. Kiwanda hicho hicho cha Soho kiliipigia Kampuni ya Sierra Leone sarafu zenye mwaka 1791. Upande mmoja una simba, na upande wa pili una mikono miwili inayoshikana, mmoja wa mtu mweusi na mmoja wa mtu mweupe, kwa kuwa nchi ile iliwekwa kuwa makao ya watu waliotoka utumwani. Ni sarafu nzuri sana. Lakini baadaye nyumba hiyo hiyo ya Boulton na Watt iliuza mitambo ya mvuke kwa mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, yaliyolimwa na watumwa. Mkono mmoja ulichora amani na mwingine ulipokea malipo.

Vivyo hivyo pesa ya Mombasa. Mwaka 1889 Kampuni ililipa fedha ili watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia kwa wamisionari, wengi wao Rabai, wapewe hati za uhuru wao, na jambo hilo lastahili kukumbukwa. Lakini Kampuni iliondoka mwaka 1895, na sheria iliyokubali utumwa katika ukanda wa pwani ya Kenya haikuondolewa mpaka mwaka 1907. Yaani pesa yenye neno "uhuru" iliweza kushikwa kwa muda wa miaka 19 na mtu ambaye sheria ilimhesabu kuwa mali ya mwenziwe. Mizani iliyokuwa juu ya pesa haikumpimia yeye.

Je, tuseme basi kwamba alama hizi ni uongo? Hatusemi hivyo. Twasema kwamba alama ni deni. Mwenye kuchora mizani juu ya sarafu amekiri mbele ya watu wote kwamba haki ndiyo kipimo, na kwa maneno yake mwenyewe aweza kuulizwa. Kampuni ya Parys iliandika ahadi yake mpaka ukingoni, na aliyeishika sarafu yao alijua aende mji gani kudai. Mchoro bila kazi imara hughushiwa, na kazi imara bila uaminifu wa mwenye kuitoa haimfai mtu. Vitu hivyo viwili vikikutana, hata mtu asiyejua kusoma hulindwa.

Mwalimu aweza kufanya jambo hili shuleni. Awaambie watoto walete sarafu chache, za zamani au za siku hizi, wazitazame pande zote mbili na ukingoni, wazipange moja juu ya nyingine, wazipime katika mizani, kisha waseme kila alama yaahidi nini, na ni nani aliyeahidi. Nao wazee wanaosimamia masoko wanajua kwamba jiwe la mizani lililopunguzwa na sarafu ya kughushi ni wizi wa namna moja, na tangu siku za Bwana Boulton mwenye kuibiwa kwanza ni yule anayenunua kidogo.